Ishirini si kubwa kuliko kumi na mbili

"Mwalimu, imepotea."

Hayo ni maneno ya binti mmoja kutoka Urambo, mlinzi mwanafunzi, siku ya tatu tangu mzigo wangu ufike kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameshika bunduki iliyofunguliwa, anachungulia pale risasi inapokaa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyedondosha funguo kisimani. Risasi bandia niliyompa aiingize, ya mazoezi tu, haikuwepo. Chini haipo, mkononi haipo, mfukoni haipo. Ilikuwa imezama ndani ya mtutu.

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo anayetaka maelezo ya kistaarabu atafute mtu mwingine. Duka lililoniuzia risasi hizo silitaji. Sitaki kesi, na pia, nitafika huko, sina hakika kama bado natamani lifungwe.

Kazi yangu ni kufundisha walinzi hapa Tabora mjini. Hao vijana mnaowaona kwenye maghala ya tumbaku, vituo vya mafuta, ofisi za ushirika msimu wa malipo. Wengi wanafika kwangu wamezoea jembe na simu, bunduki wameiona kwa mgambo tu. Mtu wa hivyo humpi risasi ya moto. Unampa bunduki tupu, chini ya mwembe, ajifunze kuifungua, kuikagua, kuiweka begani, kukaa na kidole nje ya triga mpaka aambiwe. Asubuhi nzima ni hayo hayo. Wanachoka, nami nachoka, lakini mkono hauelewi kwa kuhadithiwa.

Tatizo, bunduki ya zamani haipendi kufyatuliwa tupu. Ile pini inayoruka mbele kugonga fataki, kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, imetengenezwa ikutane na kitu. Isipokutana na kitu inapiga hewa, inajigonga kwenye chuma chake yenyewe, na siku moja ncha inakatika. Mimi imenikatikia. Bunduki ya mitutu miwili, nzuri, kitako chake kimeshikwa mpaka kinang'aa kama mkongojo wa babu. Fundi wa silaha mwenye leseni hayuko mtaa wa pili pale Isevya, na bunduki huitupii begani ukapanda nayo basi. Kuna barua, kuna polisi, kuna "njoo kesho". Ilikaa miezi. Toka hapo nikaapa kwamba hakuna triga itakayobonyezwa kwangu bila kitu ndani.

Kitu chenyewe ndiyo hii risasi bandia. Umbo la risasi, baruti hamna, fataki hamna, na pale fataki ingekaa kuna springi au raba ya kupokea pigo la pini. Hakuna uchawi mwingine.

Kabla sijatajirisha watu wa mjini nilikuwa natengeneza mwenyewe. Nachukua maganda yaliyokwisha kupigwa siku ya shabaha, naing'oa ile fataki iliyokufa, kitundu chake naziba kwa duara la raba ya ndala. Ndala kuukuu ndiyo nzuri, mpya ni laini mno. Tumboni namimina nta ya nyuki ili ganda lipate uzito, maana mtu akizoea kitu chepesi siku ya kushika cha kweli anashtuka. Nta ikiganda natoboa ubavuni, tundu litokee upande wa pili, ili yeyote akiishika aone mwanga na ajue hii haina roho. Halafu naipaka rangi ya kucha ya mama watoto. Kesi ya rangi hiyo nyumbani bado iko mahakamani.

Zilifanya kazi. Nisiwadanganye, zilifanya kazi miaka. Ila nta, jamani, na jua la Tabora la mwezi wa kumi. Zililainika mchana mmoja tukiwa uwanjani, zikagandia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, nikatumia jioni nzima na maji ya moto na kitambaa kusafisha mtutu kama nakwangua ukoko wa ugali. Na kuna asubuhi walikuja nyuki. Nta niliinunua sokoni haijachujwa vizuri, ina harufu ya asali, na nyuki wa huku hawahitaji mwaliko. Walinzi wanane wanaojifunza ujasiri walikimbia mpaka barabarani. Mmoja aliacha kiatu.

Nikasema basi, ninunue za kiwandani kama watu.

Niliona picha mtandaoni. Nikaandika ujumbe wenye adabu zote: mdogo wangu, habari za kazi, nahitaji risasi bandia za shotigani, namba 12, sita. Akajibu dakika ileile, "Zipo mzee wangu, original kabisa." Bei ilikuwa kama ya mbuzi mdogo. Nikalipa kwa simu. Nikamsisitiza aandike juu ya boksi, kwa herufi kubwa, kwamba ni bandia za mazoezi na hazina baruti, maana sitaki kufuatwa stendi na askari. Aliandika. Ndicho kitu pekee alichofanya sawasawa, na nakitaja kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

Nilipoupokea mzigo nilianzia kituo cha polisi kuuonyesha kabla hata ya kwenda nao nyumbani. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu wa kazi yangu hasubiri kuulizwa. Afande wa zamu alichukua moja, akabonyeza springi kwa ukucha mara mbili tatu kama mtoto anayecheza na kalamu, akanirudishia. "Mwalimu, umenunua midoli." Sawa. Ndicho nilichotaka kusikia.

Na siku mbili za kwanza, kwa kweli, nilikuwa na furaha ya kijinga. Alumini, nyekundu iliyoiva, uzito wake unaingia mkononi vizuri, inateleza ndani ya chemba bila kulazimishwa na inatoka ukiivuta. Ukibonyeza triga unasikia sauti ndogo laini, si ile "kaa!" ya chuma kwa chuma iliyonikosesha usingizi. Nilimpigia hadi rafiki yangu wa Nzega anayefanya kazi kama yangu nikamwambia aagize. Nilimpigia! Hilo ndilo linaniuma kupita fedha.

Kwa sababu siku hizo mbili tulitumia nne tu. Mbili zilibaki kwenye boksi, kila moja imeviringishwa karatasi yake.

Siku ya tatu vijana waliongezeka, nikafungua zile mbili. Nilikuwa naongea, nagawa huku nimegeuza kichwa, jua la saa mbili linanipiga machoni. Hizo ni sababu, si utetezi. Binti akapewa yake. Bunduki aliyokuwa nayo ni ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Akaikunja, akaingiza, na badala ya kitako cha risasi kushika kwenye ukingo wa chemba, ikapita. Alinieleza baadaye kwamba ilifanya "chwii" kama sabuni inavyochomoka mkononi.

Sasa sikilizeni alichofanya baada ya hapo, maana sijaacha kukifikiria. Hakusema kitu. Aliona chemba iko wazi, akadhani hajaingiza, akaona haya. Akanyoosha mkono kwa mwenzake, akaomba nyingine, akaiingiza. Hiyo ya pili ilikaa vizuri kabisa. Akaifunga bunduki, akaiweka begani, akalenga kisiki tulichokuwa tunalenga wote, akabonyeza triga. Tik. Akafungua, akaitoa ile ya pili, na hapo ndipo akahesabu kichwani akaona haziendi. "Mwalimu, imepotea."

Miguu yangu iliisha nguvu. Nikamnyang'anya ile bunduki, jambo ambalo huwa nawakataza wao wasifanye. Nikaangalia kwa upande wa nyuma: kulikuwa na kitu chekundu kimeziba njia, kimekaa pale chemba inapoanza kubana kuwa mtutu.

Nilikijua kabla sijakitoa. Mtu aliyekaa na shotigani miaka mingi anakijua. Ilikuwa ni risasi bandia ya namba 20 ndani ya bunduki ya namba 12.

Kwa wasiojua, na kumbe hata wauzaji wamo: hizi namba zinaenda kinyumenyume. Ni hesabu ya kizee ya Waingereza. Unachukua ratili moja ya risasi, nasema risasi yale madini yenyewe, unaigawa vigololi 12 vilivyo sawa. Kigololi kimoja hapo ndicho kinachoenea mtutu wa namba 12. Ukiigawa ratili ileile vigololi 20, kila kimoja kinakuwa kidogo zaidi. Ni chapati tu. Donge moja la unga, ukitoa chapati 12 watu watashiba, ukitoa chapati 20 wataanza kuangaliana. Mtutu wa 12 una upana wa kama milimita 18 na nusu, wa 20 ni kama 15 na nusu na ushee. Kwa hiyo ya 20 inazama kwenye chemba ya 12, inateleza mpaka kitako chake kinapokwama, na nyuma yake kunabaki nafasi inayotosha ya 12 kuingia na bunduki kufungwa. Ukitazama nje huoni kitu.

Zingekuwa za moto? Ile ya nyuma ingelipuka ikakuta njia imezibwa, na mtutu hupasuka palepale karibu na mkono wa kushoto unaoushika. Jambo hili lilikwisha kula vidole vya watu huko duniani, na ndiyo sababu viwanda vikakubaliana risasi za namba 20 ziwe za njano. Njano! Ukiona njano unajua. Mimi niliuziwa ya 20 nyekundu, rangi moja na dada zake wa 12, chini haikuchorwa hata namba.

Nikaenda pembeni nyuma ya mwembe, nikapiga simu.

Nitaandika mazungumzo kama yalivyokuwa, nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nikamsalimia. Hata nikiwa na hasira huwa nasalimia. Nikamwambia, kijana, kwenye zile sita moja siyo. Akasema, "Naijua mzee. Namba 12 zilibaki tano. Nikakuongezea moja kubwa."

"Kubwa ipi?"

"Si ya 20? Sasa mzee, 20 na 12 ipi kubwa? Umepata faida unalalamika."

Nilikaa kimya. Nilimfikiria mwalimu wake wa hesabu. Nikaanza kumweleza ile ratili, vigololi, nikafika kwenye chapati, akanikatiza. "Mzee, hizi ni za mazoezi tu. Haziui mtu. Saizi ya nini?" Na nyuma nikasikia anamwambia mtu mwingine pale dukani, hata hakuziba simu, "Ni hawa wazee wa mikoani." Halafu akakata.

Wazee wa mikoani.

Nimesimama na bunduki chini ya jua nikifundisha watoto wa watu wasikatike mikono, wewe umekaa chini ya feni hujui kama namba inapanda au inashuka, na mimi ndiye mzee wa mikoani. Mkoa huu ndio unaokulisha asali hiyo unayotia kwenye chai yako. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tiki zikawa za bluu. Kimya. Nikatuma mwingine, mfupi zaidi, huo sitausimulia.

Kuitoa ilikuwa kazi ya mchana mzima. Unaisukuma kutoka mdomo wa mtutu kurudi nyuma, bunduki ikiwa imekunjwa wazi na umehakikisha mara tatu kwamba nyuma yake hamna kitu. Nilichukua mpini wa fagio: haukuingia. Nikajaribu fimbo ya mwanafunzi mmoja anayechunga: ikaingia nusu ikakwama yenyewe, sasa nikawa na vitu viwili mtutuni na wanafunzi kumi nyuma yangu wanaotazama mwalimu wao akitoka jasho. Chuma sitii kwenye mtutu, kitakwaruza. Mwishowe nikaenda Ng'ambo kwa seremala, akanichongea ufito wa mninga, mwembamba, mnyoofu, akaulainisha kwa msasa, akakataa hela. Nikauvalisha kitambaa mdomoni, nikagonga taratibu kwa kiganja. Mara ya tano au ya sita ikatoka, ikadondoka vumbini bila hata alama. Haina mkwaruzo. Springi bado inaruka.

Nimeandika yote haya na nikisoma juu naona nimesema uongo mmoja kwa kuficha. Nilisema jua lilinipiga machoni. Kweli lilinipiga. Lakini ukiziweka ya 12 na ya 20 kwenye kiganja kimoja unaona tofauti, hata mtoto anaona. Mimi ndiye huwaambia vijana kila asubuhi kwamba hakuna kitu kinachoingia kwenye bunduki kabla hakijaangaliwa, hata kama amekupa baba yako. Nilikagua zile nne za kwanza kwa rula ya shule ya mwanangu. Mbili za mwisho sikukagua, kwa sababu nne za kwanza zilinifurahisha. Yule binti hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo nilitaka kusema msinunue. Nikalala, nikaamka, na asubuhi iliyofuata nilitoka na zile tano. Nimekuwa nikizitumia mpaka leo, sijui ni wiki ngapi. Ni nzuri. Nachukia kusema ni nzuri. Pini zangu zote ziko salama, chemba safi, nyuki wamerudi porini kwao. Ukimpata muuzaji anayejua kuhesabu, nunua, hela yako haitapotea. Yule wa Nzega zilimfikia sita zote sawasawa kutoka duka hilohilo, na sasa ananiuliza nilikuwa napiga kelele za nini. Kaka, subiri yakukute.

Lakini kila nikisema duka ni zuri naisikia ile sauti, "haziui mtu", na damu inapanda upya. Aliyetengeneza risasi bandia aliitengeneza ili mkono uzoee kitu cha kweli. Ukiuzoesha mkono kwamba saizi si kitu, umeufundisha nini? Ndala zangu na nta yangu, pamoja na nyuki, hazikuwahi kumfundisha mtu uongo. Nusu ya moyo wangu inataka nirudi kwenye nta, nichanganye na kitu kigumu isiyeyuke mwezi wa kumi. Nimeshamuuliza mtu wa mishumaa.

Mnaonunua, basi, ombeni picha ya kila moja imelala kando ya rula. Akisema "mzee niamini", ondoka. Kama ni ya 20 na si ya njano, ipake njano kabla haijalala nyumbani kwako hata usiku mmoja. Yangu niliipaka. Mama watoto hana rangi ya njano ya kucha, ilibidi ninunue, na kumweleza muuza duka wa Kanyenye kwa nini mwanaume wa umri wangu anataka rangi ya kucha ya njano nako kulichukua muda wake.

Pesa ya ile moja sijarudishiwa. Juzi, baada ya kimya chote kile, kijana kaibuka. Hakuna samahani, hakuna shikamoo. Picha ya boksi, na maneno: "Mzee wangu mzigo mpya, namba 16, hizi za kati kwa kati zinaingia bunduki zote."

Sijamjibu. Nafuta, naandika, nafuta. Mke wangu amesema nikiandika tu tusi moja simu anaichukua yeye.